Mahali Palipokuwa Mbali
Hotuba ya Kamati ya Kumbukumbu mbele ya wanachama na majirani, katika maadhimisho ya hekalu letu, Shinyanga



Tulipoombwa kuzungumzia urithi wetu, bila shaka wengi walitarajia tuanze na jengo hili, kengele yake na sanamu zilizofika hapa kwa meli na kwa gari moshi. Jengo hili tutaliacha kwa leo. Lina hati, lina ukuta, lina taa inayowashwa kila jioni, na mtu akilisogelea kwa nia mbaya ataonwa na mtaa mzima. Hofu yetu iko kwenye uwanja wetu wa kuchomea maiti, nje ya mji. Tunasema "nje ya mji" kwa mazoea tu.

Wazee waliopachagua mahali pale walitaka pawe mbali na nyumba za watu na karibu na mkondo wa maji. Waliomsindikiza marehemu walipita mashamba ya pamba na vichaka, na njiani hawakukutana na mtu ila wachungaji. Leo njia ile ile ina fremu za maduka, kijiwe cha bodaboda na nyumba za bati jipya pande zote mbili. Mwaka jana, tulipokuwa tukimuaga mmoja wa wazee wetu, upepo uligeuka na moshi ukaingia katika ua ambamo watoto walikuwa wakila. Mama wa nyumba ile hakutoa neno baya. Aliwaita watoto ndani, akafunga madirisha, kisha akaja kutupa pole. Tulirudi nyumbani tukiwa na msiba na aibu kwa pamoja.

Si moshi peke yake. Kona moja ya uwanja imekwisha kuuzwa na mtu asiyekuwa na haki nayo, na mnunuzi, aliyelipa kwa nia njema, amejenga vyumba viwili. Ni rahisi kumlaumu dalali. Lakini tulipokwenda kutafuta bikoni za mpaka, tulikuta wazee wawili tu wanaokumbuka zilikokuwa, na wazee hao hawakukubaliana.

Mji huu una desturi ya kuhama. Boma la Wajerumani lilikuwa kule tunakokuita Old Shinyanga. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, biashara ilijikusanya kando ya stesheni, na lililokuwa pori likawa barabara ya maduka. Baba zetu walifuata reli na pamba. Kisha ikaja almasi ya Mwadui, aliyoivumbua Williamson mwaka 1940. Tazameni sasa Kahama: kati ya mwaka 2009 na kufungwa kwake, mgodi wa Buzwagi ulichimbwa pembeni kabisa mwa mji, na katika sensa ya mwaka 2022 Kahama imeipita Shinyanga, makao makuu ya mkoa, kwa idadi ya watu. Geita nayo, iliyokuwa wilaya ya Mwanza, ni mkoa tangu mwaka 2012. Katika ukanda huu, pembezoni mwa leo ni katikati ya kesho, na anayeweka kitu chake pembezoni akidhani amekificha hujidanganya.

Je, sheria itatulinda? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo kwa umri wake, na umri inaoutaja ni wa karne ya 19. Mji wetu ni mtoto wa reli. Hauna umri huo. Iko pia Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo watu wa maeneo ya migodi wanaifahamu vizuri: mradi ukichukua ardhi, makaburi huhamishwa kwa utaratibu. Sheria hiyo huanzia penye kaburi. Kwetu hakuna kaburi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Jirani Mwislamu au Mkristo ana mahali pa kumwonyesha mjukuu na kusema, babu yako yuko hapa. Msukuma aliyezikwa katika mji wa baba yake yuko karibu na mlango wa nyumba. Sisi huyapeleka majivu ziwani, Mwanza, na maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, ambako sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa mtoni mwaka 1948. Hatuna jiwe lenye jina. Uwanja ule ndio jiwe letu, wa kwanza wetu na wa mwisho, tajiri wa kiwanda cha kuchambulia pamba na karani wa stesheni.

Wapo miongoni mwetu wanaosema tuufunge, kiwanja kiuzwe, na maiti wapelekwe Mwanza. Tunawaheshimu, maana hesabu yao ni sahihi: tumebaki familia chache. Baada ya Serikali kutaifisha majengo makubwa mwaka 1971, wengi waliondoka nchini, na wengine wamehamia Dar es Salaam tangu hapo. Waliondoka pia na kumbukumbu: nani alipanda mti upi, mpaka ulipita wapi. Lakini safari ya zaidi ya kilomita 150 na maiti ndani ya gari, wakati wa joto, si jambo la kumwachia mjane. Na tukiuza, tutakuwa tumefanya wenyewe kile tunachomlaumia dalali.

Majirani zetu Wasukuma wametufundisha njia nyingine. Katika miaka ya 1930, Old Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, na vichaka vikafyekwa ili kumfukuza. Ardhi ikabaki uchi, pamba na mifugo vikamaliza kilichosalia. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, haukuleta jambo geni. Ulirudi kwenye ngitili: eneo linalofungwa wakati wa masika, majani na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa malisho. Ngitili haina ukuta. Inalindwa kwa sababu kila jirani anajua mpaka wake, anajua siku ya kufunguliwa, na ana faida yake ndani.

Sisi tulifanya kinyume. Tuliweka mahali pasipojulikana na mtu ila sisi, tukatumia kuni za nchi hii kwa miaka mingi, wala hatukupanda mti.

Basi kamati inaomba ridhaa yenu. Uwanja upimwe, na ofisi ya mipango miji iombwe kuuonyesha kwenye mchoro kwa matumizi yake halisi. Aliyejenga vyumba viwili asibomolewe. Tukubaliane naye na kona ile tuiandike kuwa yake. Jukwaa la kuchomea lisogezwe upande wa mkondo, lijengewe paa na dohani ndefu. Upande wa nyumba ipandwe safu tatu za mwarobaini, mti ambao asili yake ni Bara Hindi na ambao hapa hakuna asiyeufahamu kwa dawa. Ndani ya uzio wa miti kiwekwe kisima ambacho majirani watachota kila siku, isipokuwa saa ya mazishi. Yule mama aliyefunga madirisha tumemwomba awe mjumbe wa kamati. Amekubali, kwa sharti kwamba tumpelekee habari siku moja kabla, si asubuhi ile ile.

Mpima ardhi atafika Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi. Tunawaomba wale wazee wawili waje, wote wawili.