Stenti ya Mguu na Miezi Inayofuata: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Kibera na Kawangware



Mgonjwa hatuambii kwamba mshipa wake umesinyaa. Anasema akipanda kutoka Gatwekera, mtaa wa Kibera, kuelekea barabarani, shavu la mguu humkaza mpaka asimame. Akipumzika, linaachia, akiendelea, linamkaza tena kwa umbali uleule. Wengi wetu humpa dawa ya maumivu na kumwambia ni umri. Hapo ndipo mguu unapoanza kupotea.

Tiba ya kuupanua mshipa kwa ndani ina umri mrefu. Januari 1964, huko Portland, Marekani, Daktari Charles Dotter alimfungulia mshipa wa paja bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu uliokuwa ukioza. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi alipofariki, miaka miwili na ushei baadaye. Siku hizi puto dogo huingizwa kupitia kinena, likajazwa penye msinyao, kisha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, huachwa pale kuushikilia mshipa.

Matokeo yanategemea mahali. Stenti ya nyonga hudumu kwa wengi hata baada ya miaka 5. Ya paja ina taabu zaidi, maana mshipa huo hukunjwa na kusokotwa kila hatua. Utafiti wa Vienna uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba baada ya miezi 12, mishipa ya paja iliyowekewa stenti ilikuwa imesinyaa tena kwa asilimia 37 ya wagonjwa. Kwa waliopangiwa puto, asilimia 63. Stenti ilishinda, lakini zaidi ya theluthi moja walirudiwa na msinyao, tena katika jiji lenye hospitali za kutosha.

Kwetu mzigo ni mzito zaidi. Uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 2,000 wa Kibera ulikuta takriban asilimia 23 wana presha, na katika hao ni mmoja tu kati ya watano aliyejijua. Presha, sukari na sigara ndizo zilizouziba mshipa wa kwanza, na zikiachwa zitaiziba stenti pia. Mgonjwa anayenunua aspirini na dawa ya mafuta ya damu kidogokidogo kwa kemisti, akaacha pesa zikiisha, amewekewa stenti nusu.

Kwa hiyo mvueni viatu na soksi kila mwenye sukari au presha. Weka vidole juu ya mgongo wa mguu, kisha nyuma ya kifundo cha ndani, utafute mapigo. Penye kifaa cha dopla, pima presha ya kifundo na ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 84, ukigawanya 84 kwa 140 unapata 0.6; chini ya 0.9 ni ugonjwa. Mwenye sukari ya miaka mingi namba yaweza kudanganya, kwani mishipa yake imekakamaa, basi kidonda kisichopona kitoshe kumpa rufaa.

Nawaomba kila zahanati ya Kibera na Kawangware iwe na daftari la waliowekewa stenti. Ulizeni dawa, sigara, na umbali anaotembea kabla ya kukazwa. Umbali ukipungua, mrudisheni hospitali wiki hiyohiyo. Mguu ukipoa na kupauka ghafla, mpelekeni saa hiyohiyo.