Maji ya Kiangazi Huwekwa Wakati wa Mvua

Popote ulipo, jikoni ukiandaa chai, shambani, dukani, au kitandani hospitalini, karibu tutafakari pamoja kwa dakika hizi chache. Neno letu la leo linatoka katika kitabu cha Danieli, sura ya 6, aya ya 10. Ikiwa Biblia iko karibu, ifungue. Ikiwa haiko, sikiliza tu, nawe utasoma baadaye.

Nataka tuzungumze juu ya uthabiti wa moyo, na juu ya mtu kujiamini. Haya si mambo ya wasomi peke yao. Ni mambo ya kila siku. Mama anayeamka alfajiri bila kujua watoto watakula nini anahitaji uthabiti wa moyo. Kijana aliyepata alama za chini katika mtihani wa kidato cha nne anahitaji kuamini kwamba bado yeye ni mtu. Mzee ambaye shamba lake halimlipi tena anahitaji nguvu ya kuinua jembe kesho.

Sisi watu wa Meru na Embu twajua jinsi mtu anavyoweza kuangushwa na jambo lililoamuliwa mbali naye. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika. Bei ikaanguka, na wakulima wetu, ambao kahawa ilikuwa imewajengea nyumba na kuwasomeshea watoto, wakabaki wakitazama miti iliyozaa vizuri na kulipa vibaya. Mwezi wa Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na jamaa nyingi za Igembe na Tigania zikapoteza soko zililolitegemea. Katika Mei ya mwaka huo huo wa 2014, pombe yenye sumu iliwaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za nchi yetu, na Embu ilikuwa miongoni mwa zile zilizoumia sana.

Sisemi kwamba kila aliyekunywa pombe ile alikuwa amekata tamaa. Lakini kazi ya uchungaji hutufikisha katika nyumba nyingi za matanga, na huko mtu hujifunza kwamba mara nyingi chupa huja baadaye. Kinachotangulia ni mtu kujiambia kimoyomoyo: "Mimi si kitu tena." Neno hilo ndilo sumu ya kwanza. Kwa hiyo ninayosema leo si mapambo ya maneno. Ni jambo la uzima na mauti.

Tufanyeje basi ili mioyo yetu isimame? Wako wanaofundisha kwamba yatosha mtu asimame mbele ya kioo na kujisifu. Ajiambie kwamba yeye ni simba, naye atakuwa simba. Lakini sifa hizo hukauka kama umande jua likipanda. Wako wengine wanaodhani kwamba uthabiti ni kukaza uso, kutolia, na kutomwambia mtu yeyote shida yako. Huo si uthabiti. Jiwe nalo halilii, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba jiwe ni jasiri.

Acha nikupeleke chini kwenye mto Tana, mpakani mwa Mbeere na Ukambani. Huko serikali ilijenga mabwawa matano, moja baada ya jingine, ili kupata nguvu za umeme. Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, Kamburu likafuata mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981, na Kiambere mwaka wa 1988. Ukiuliza ni lipi lenye mitambo mikubwa zaidi, utaambiwa ni Gitaru, lililojengewa uwezo wa megawati 225. Masinga lina megawati 40 tu. Mtu akihesabu umeme peke yake, atadhani Masinga ni mtoto kati ya ndugu zake.

Lakini angalia maji. Bwawa la Gitaru ni dogo. Ziwa la Masinga limetandaa kilomita za mraba kama 120, nalo ndilo lililo juu ya mengine yote. Mvua zikinyesha, Masinga hupokea na kuweka. Kiangazi kikifika, Masinga hufungulia maji kidogo kidogo, na mabwawa manne yaliyo chini yake yanaendelea kufanya kazi. Nguvu ya Gitaru tunayoiona hutegemea akiba ya Masinga tusiyoifikiria. Masinga lilikamilika mwaka wa 1981, na mwaka wa 1984 mvua zilikosa, ukame mkubwa ukaishika nchi. Ndugu yangu, mwaka wa ukame si wakati wa kuanza kuchimba bwawa.

Hivyo ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Ushujaa tunaouona kwa mtu siku ya taabu ni maji yaliyowekwa siku nyingi kabla, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Sasa turudi kwa Danieli. Amri ya mfalme imetiwa sahihi: kwa siku thelathini mtu asiombe kwa mungu wala mwanadamu yeyote ila kwa mfalme, na atakayevunja amri atatupwa kwa simba. Danieli alipojua hayo alifanya nini? Maandiko yanasema aliingia nyumbani kwake, ambako madirisha yake yalielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akaomba na kushukuru. Kisha kuna maneno machache mwishoni mwa aya ambayo twaweza kuyapita upesi. Yanatuambia kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hapo ndipo ilipo siri yote. Danieli hakutafuta ujasiri siku ile. Alikuwa nao katika magoti yake. Alifanya Jumatatu ya hatari jambo lile lile alilolifanya Jumatatu ya amani.

Katika nchi yetu hii tuliona mfano wake. Askofu David Gitari aliwekwa mwaka wa 1975 kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyokusanya Embu, Meru, Kirinyaga na nchi kavu ya kaskazini. Mwezi wa Juni 1987 alihubiri juu ya sura hii hii ya 6 ya Danieli, na wanasiasa wakamjia juu kwa maneno makali. Hakunyamaza. Aliendelea kufungua Biblia na kuisoma mbele ya watu, akiilinganisha na mambo ya wakati ule, pamoja na uchaguzi wa kupiga mlolongo. Usiku mmoja wa Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake. Yeye alipanda juu ya paa akapiga nduru. Majirani wakasikia, wakaja, na wavamizi wakakimbia. Baadaye, mwaka wa 1997, akawa Askofu Mkuu wa Kenya, na akastaafu mwaka wa 2002.

Nataka ukumbuke mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, baba yake alikuwa mwinjilisti huko Kirinyaga. Neno la Mungu halikuwa jambo la ghafula katika maisha ya askofu yule. Lilikuwa maji yaliyoanza kuwekwa tangu utotoni. La pili, mtu yule jasiri, aliyekuwa hawaogopi wakubwa, alipiga nduru. Hakuona haya kuita majirani. Wewe mwanamume unayedhani kwamba kuomba msaada ni udhaifu, mtazame askofu juu ya paa lake, usiku, akiita. Kama angejikaza na kunyamaza, nani angekuja?

Labda sasa wauliza: "Mchungaji, mimi nitawekaje maji hayo? Mimi si askofu, na hakuna simba kijijini kwetu." Nitakutajia mambo matatu, nayo si magumu.

Kwanza, timiza ahadi ndogo. Mtu hapotezi imani juu ya nafsi yake kwa siku moja. Huipoteza kwa kujiahidi na kutotimiza, kujiahidi tena na kutotimiza, mpaka mwisho anakuwa kama rafiki mwongo ambaye hata yeye mwenyewe hamsadiki. Njia ya kurudi ni hiyo hiyo, ila kinyume chake. Usiahidi kulima shamba lote. Ahidi mistari miwili kabla ya chai, kisha ulime hiyo miwili. Usiahidi kuacha pombe milele. Ahidi kwamba leo utapita njia nyingine kwenda nyumbani, na kesho uahidi tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kila ahadi unayotimiza ni tone linaloingia ziwani.

Pili, kumbuka ulikotolewa. Kijana Daudi aliposimama mbele ya Sauli hakusema kwamba yeye ni shujaa kwa asili. Alieleza habari ya simba na dubu, jinsi Bwana alivyomwokoa nao alipokuwa akichunga kondoo. Kujiamini kwake kulijengwa juu ya kumbukumbu. Wewe nawe unayo yako. Mama, ulivuka ukame fulani ukiuza kunde na ndengu kidogo kidogo, na watoto hawakufa. Kijana, ulitembea kilomita nyingi kwenda shule na ukafika kila siku. Cheti kinaweza kukupa alama ya chini, lakini hakiwezi kufuta njia uliyoitembea. Kilichoanguka ni mtihani. Wewe hukuanguka.

Tatu, linda ziwa lako lisijae udongo. Waliosoma habari za Masinga watakuambia kwamba adui yake mkubwa si jua. Ni udongo. Mvua ikipiga mashamba ya juu yasiyo na matuta, udongo husombwa mpaka mtoni, hutua chini ya ziwa, na mwaka hata mwaka nafasi ya maji hupungua. Moyo nao hujazwa hivyo hivyo. Kinyongo cha mwaka juzi, wivu juu ya jirani aliyejenga nyumba ya mawe, maneno ya dharau uliyoambiwa ukiwa mtoto, vyote hutua chini. Mvua ya baraka ikija, haipati mahali pa kukaa. Ndugu zetu wa Mbeere walijifunza kuchimba matuta kwenye miteremko ili kushika udongo. Matuta ya moyo ni kusamehe mapema, kabla jua halijachwa, na kushukuru kwa yaliyopo. Danieli naye, kumbuka, hakuomba tu. Alishukuru, na amri ya mauti ikiwa imekwisha kutiwa sahihi.

Lakini ngoja, ndugu. Kabla hatujaachana nataka kuweka wazi jambo moja, maana kujiamini na kiburi ni majirani, na mtu huweza kubisha hodi mlango usio wake. Bwawa la Masinga halikutengeneza hata tone moja la maji. Maji hutoka juu, hutoka kwa mvua na kwenye mlima wetu mkubwa, hutelemka kwa mito mingi, nalo hupokea tu. Kazi ya bwawa ni kuwa tayari na kutunza. Vivyo hivyo nguvu yako haikuanza nawe. Umepewa. Asiyelijua hilo, akifaulu atajivuna, na akishindwa atajiona si kitu. Bali ajuaye kwamba amepewa hatajivuna akipata, wala hatajidharau akikosa, kwa sababu thamani yake haikuwekwa mikononi mwa soko la kahawa, wala soko la miraa, wala karani wa mitihani. Iko mkononi mwa Yeye aliyemwumba.

Na kama wewe unayenisikiliza leo umefika mwisho wa maji yako, hata umeanza kufikiri kwamba afadhali usiwepo, nisikilize sana. Nabii Eliya alifika hapo. Aliketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, na baadaye tu ndipo akasema naye. Kwa hiyo kula kidogo. Lala. Kisha usikae peke yako. Mwendee mke wako, ndugu yako, mchungaji wako, daktari, au jirani unayemwamini, umwambie neno hilo kama lilivyo. Piga nduru. Majirani watakuja.

Nasi tulio majirani, tuwe na masikio. Nduru ya siku hizi mara nyingi haina sauti. Ni mtu ambaye amekoma kuja sokoni, au aliyeacha kuitikia salamu.

Juma hili chagua jambo moja dogo, ulifanye kila siku kwa saa ile ile, mbele za Mungu, bila kumtangazia mtu. Mvua ikiwapo, weka maji.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, utufundishe kutunza unachotupa. Uwatie nguvu waliochoka, uwainue waliojidharau, na uwape majirani wema wale wanaoita usiku. Utusaidie kufanya katika siku ya hatari lile tulilojifunza katika siku ya amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.