FURAHA NA UCHUNGU WA KUPANDISHWA CHEO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Makina, Kibera)



Halmashauri ilipotutaka tuseme mbele yenu juu ya mambo ya kazi, tulidhani ni jambo jepesi. Sisi ni karani tu, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya watu wengine. Lakini katika mwaka wa 2025 yametupata mambo mawili kwa siku moja, nayo yote mawili yalitoka katika barua moja: tulipandishwa cheo, na tukampita mtu aliyetufundisha kazi. Tumeonelea tuyaseme hayo, kwa kuwa wengi wenu mwafanya kazi katika maafisi na viwanda, na wasiofanya wana watoto wafanyao, na ni nadra kuipata nyumba hapa Kibera isiyojua kungoja barua.

Mtu huyo ni mwanachama mwenzetu. Tulimwendea kwanza kumwomba ruhusa, akatujibu, "Sema, kijana wangu, lakini jina langu liache, na afisi iache." Basi tutamwita Mzee, na afisi tutaiita afisi.

Wazee wetu wanajua kuliko sisi kwamba habari ya vyeo si mpya katika mji huu. Hapa Kibera penyewe palianza kwa cheo na utumishi. Wanubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles walikalishwa hapa kwa sababu ya kazi waliyoifanya, na mwaka 1912 zilipimwa ekari 4,197. Walipewa mahali pa kukaa bila hati, na hati ya ekari 288 ilikuja mwaka 2017, wakati waliovaa zile sare walikuwa wamekwisha kufa zamani. Huko mjini nako, katika afisi za Serikali ya kikoloni, Tume ya Holmes iliyotoa taarifa yake mwaka 1948 iliukubali mpango wa kumlipa Mwafrika tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, yaani Mzungu akipata shilingi 5 Mwafrika apate 3. Ilipokuja Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo ilipopendekezwa kwamba mshahara usifuate rangi ya mtu. Marehemu Tom Mboya, ambaye mwanzoni alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia mahali alipokuwa akifanya kazi, akamtazama, kisha akauliza kama pana mtu.

Siku hizo uchungu ulikuwa na mwenyewe, nawe ulijua umnung'unikie nani. Uhuru ulipokaribia, viti vilianza kuwa wazi, na Chuo cha Utawala kikafunguliwa pale Kabete mwaka 1961 kuwafundisha Waafrika watakaoshika nafasi. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo hatulisikii sana katika hotuba: kijana mwenye cheti alimkuta afisini karani wa miaka mingi, akampita, naye ni mwenziwe, wa rangi moja, pengine wa kijiji kimoja. Wa kumlaumu hapo ni nani? Jambo hilo halijakoma, na sisi ni mmoja wa vijana hao.

Mzee alimaliza masomo yake kwa mtihani wa C.P.E. Kwao hapakuwa na karo ya kuendelea. Amekaa katika chumba cha mafaili miaka 31. Sisi tulisomeshwa na wamisheni mpaka kidato cha nne, kisha tukachukua masomo ya jioni, na tulipoingia katika afisi ile tulikuwa na vyeti vinne na hatukujua kuandika barua moja ya kikazi. Mzee ndiye aliyetuonyesha namna ya kuupa waraka nambari yake, namna ya kulifuatilia faili lililopotea kwa kuuliza nani aliugua wiki ile, na namna ya kumjibu mkubwa mwenye hasira bila kusema uongo. Kompyuta zilipoletwa sisi tulimfundisha yeye, naye alikuwa akiandika kila hatua katika daftari la mistari, kwa mwandiko mzuri, kama mtoto wa shule.

Nafasi ya karani mkuu ilipotangazwa ubaoni tuliomba wote wawili. Tunaona haya kidogo kulisema hili: barua yetu ya maombi aliisahihisha yeye. Alifuta maneno mawili ya majivuno.

Mwezi wa Julai tuliitwa kwa mkubwa, tukapewa bahasha. Tuliisoma mara tatu katika ngazi. Furaha ilitujia kwanza, wala hatutaki kuwaficha. Tulimkumbuka mama yetu aliyeuza mboga Toi ili tusome, na tulitaka kumpigia simu pale pale. Kisha tukamkumbuka Mzee, na miguu ikawa mizito.

Jioni ile tulirudi kwa miguu pamoja kama ilivyo desturi yetu mwisho wa mwezi, nauli inapokuwa imekwisha. Tulitoka Industrial Area, tukapita karibu na Uwanja wa Nyayo, yeye akizungumza habari za mvua na za mjukuu wake. Barua tulikuwa nayo mfukoni, na kila hatua tulisema moyoni, tutamwambia tukifika pale mbele. Tulifika pale mbele, hatukumwambia. Tulipoiona reli, karibu kuingia Laini Saba, yeye mwenyewe akasimama akatupa mkono. Akasema, "Hongera. Nakala yako niliitia katika faili juzi."

Waheshimiwa, hatukulifikiri hilo. Kila barua ya afisi hupita mikononi mwake. Alikwisha kuisoma, akaipa nambari, akaiweka mahali pake, na ile ya kwake ya kukataliwa akaiweka vivyo hivyo, akakaa siku mbili akitusalimia kama kawaida ili tusipate habari njema kwa mtu asiyestahili kuitoa. Tulitaka kusema tunasikitika, lakini tungesikitika nini? Tuliitaka kazi ile. Tukasema "Asante, Mzee," basi, tukavuka reli.

Tangu siku hiyo mambo afisini yamekuwa na ladha mbili. Wenzetu walituchangia chai na mandazi, na wakati ule ule pakazuka maneno kwamba tumepandishwa kwa sababu mkubwa ni mtu wa kwetu. Si kweli, lakini twakiri kwamba tuliposikia maneno hayo tulianza kumkwepa mkubwa kwenye varanda, kama mwizi. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 232, yataka kupandishwa cheo katika utumishi wa umma kufuate ushindani wa haki na ustahili, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Ila ustahili nao una vipimo vyake. Cheti hupimwa kwa dakika moja. Miaka 31 ya kutopoteza faili hakuna karatasi yake, na mkubwa akiulizwa kwa nini alimchagua huyu, ni lazima aonyeshe karatasi. Hatusemi alikosea. Twasema tu kwamba Mzee hakushindwa kazi.

Upande wa pili ni fedha, na hapa twaomba subira ya Halmashauri, maana linaihusu pia. Habari ilipofika kwenye mkutano wa Agosti mlitupigia makofi, mzee mmoja akasimama akasema kijana sasa ni bwana mkubwa, na tukaulizwa mbele ya watu tutatoa nini katika mfuko wa karo. Tulijivuna, tukaahidi shilingi 10,000. Sasa sikilizeni hesabu. Mshahara uliongezwa 8,000. Katika hizo, mfuko wa uzeeni ulichukua 480, bima ya afya ya jamii 220 kwa asilimia 2.75, ada ya nyumba 120 kwa asilimia 1.5, na kodi 2,154. Zilizofika mkononi hazikuzidi sana 5,000. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kusikia. Jamaa wa nyumbani wanne walipiga simu wiki ya kwanza, na mmoja, ambaye hatujaonana tangu tukiwa watoto, alitaka tumtafutie mwanawe kazi katika "afisi yako". Mwezi ule tulikopa kwa simu ili tulipe karo ya mtoto wetu wenyewe, sisi bwana mkubwa.

Ama Mzee, hakuja mkutano wa Agosti, wala wa Septemba, wala wa Oktoba. Tulipomwuliza alisema ana mafua. Mwezi wa Novemba mkewe ndiye aliyemwambia mama wa nyumba yetu kwamba hakutaka kuwa ukumbini watu wakitupigia makofi, si kwa chuki, bali hakujua auweke vipi uso wake. Chama hiki, Bwana Mwenyekiti, humtembelea mgonjwa, humchangia mfiwa, na huenda kumwona aliyeachishwa kazi na kibaba cha unga. Aliyepitwa cheo hatumtembelei, kwa kuwa bado ana kazi na mshahara wake ni ule ule. Nasi tuliokaa naye meza moja hatukumtembelea.

Kwa hiyo twaleta mambo mawili, myazungumze mkipenda. La kwanza, mwanachama anapopanda cheo asiulizwe ahadi mkutanoni kabla ya kupita miezi mitatu, apate kuujua mshahara wake. La pili, wale wajumbe wawili wa Halmashauri wanaotembelea wagonjwa wapewe pia kazi ya kupita kwa mtu kama Mzee, wanywe chai, waondoke. Hatuombi fedha kwa ajili ya hilo.

Mzee yuko hapa leo, mmemwona, nasi twamshukuru kwa kuja. Mwezi wa Machi atastaafu, na ufunguo wa chumba cha mafaili utakabidhiwa kwetu. Ametuomba tuanze kukaa naye humo kila Ijumaa alasiri, maana yako mambo ambayo hayamo katika kompyuta wala katika daftari lake, na Ijumaa mbili tumekwisha kukaa.

Kuhusu ahadi yetu ya shilingi 10,000, tumelipa 4,000. Zilizobaki 6,000 tutamkabidhi Mweka Hazina kabla ya Pasaka, naye twamwomba aliandike hilo katika kumbukumbu za leo.