Njia Iliyo Kati ya Kipimo na Tiba

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na mwanachama wetu, mkunga mstaafu



Katibu aliponiandikia aliniambia nichague neno lolote lihusulo afya. Nimechagua jambo ambalo kwa desturi zetu halisemwi mbele ya wazee, nalo ni saratani ya mlango wa kizazi cha mwanamke. Naomba radhi kwanza, kisha nitasema. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na tena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika kazi yangu ya ukunga nimevisikia vilio vya kutosha.

Sote tuliomo humu twakijua vema kitabu cha hesabu cha chama hiki, na twajua fungu lililo kubwa kuliko mengine. Ni fungu la mazishi: sanduku, gari la kuchukua maiti kutoka Nairobi mpaka Rongo, au Oyugis, au Mbita, na chakula cha waombolezaji. Sikusimama hapa kulilaumu fungu hilo. Kumrudisha mtu wetu kwao ni heshima, wala hatutaiacha. Nimekuja kuwaonyesha, kwa ushahidi uliopatikana nyumbani kwetu wenyewe, mahali ambapo shilingi chache zaweza kumzuia mama asiandikwe katika fungu hilo kabla ya wakati wake.

Kwanza, yafaa tujue ugonjwa wenyewe. Saratani hii huletwa na virusi viitwavyo HPV. Aliyelifumbua jambo hili ni Daktari Harald zur Hausen wa Ujerumani. Katika miaka ya 1983 na 1984 yeye na wenzake walivipata virusi vya aina ya 16 na ya 18 ndani ya vipande vya saratani hiyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili peke yake husababisha kadiri ya saratani 70 za mlango wa kizazi katika kila 100. Virusi hivi huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, navyo vimeenea mno hata walio wengi, wanaume kwa wanawake, huvipata wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki, vikakaa kimya, vikaigeuza polepole ngozi laini ya mlango wa kizazi. Safari hiyo huchukua miaka 15 hata 20. Kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, yaweza kuwa miaka 5 hata 10 tu.

Hapo pana mambo mawili ambayo naomba wazee wayashike. La kwanza, mke akikutwa na virusi hivi, hilo si ushahidi wa uzinzi. Pengine alivipata zamani sana, na pengine aliyemletea ni mume mwenyewe asiyekuwa na dalili yoyote. Mwenye kuitisha baraza la ukoo kwa sababu ya kipimo hiki anamdhulumu mtu bure. La pili, kuwa na virusi si kuwa na saratani. Kati ya virusi na saratani pana miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo fursa yetu. Ngozi iliyoanza kugeuka huweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali, au kwa kuunguzwa kwa kifaa cha moto. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kwa kawaida mama hurudi kwake siku ile ile.

Walakini hatuitumii fursa hiyo ipasavyo. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 5,200 wa Kenya walipata saratani hii katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 3,200 walikufa kwayo. Sisi wa Migori na Homa Bay tuna sababu ya kuogopa zaidi ya wengine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Kenya, wenye virusi vya Ukimwi walikuwa karibu 5. Katika Migori walikuwa 13, na katika Homa Bay walikaribia 20. Nalo Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi yumo katika hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko asiyekuwa navyo. Mama aliyeokolewa na dawa za Ukimwi akalea wanawe, si haki aje kuuawa na ugonjwa unaozuilika.

Sasa nafika kwenye ushahidi wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na wenzao wa Marekani walioongozwa na Daktari Megan Huchko, walifanya utafiti katika jumuiya 12 za Migori. Hawakuja kujaribu dawa mpya. Walitaka kujua ni wapi wanawake watajitokeza zaidi kupimwa. Katika jumuiya 6 walifanya kampeni za afya huko huko wakaako watu. Katika jumuiya 6 nyingine wanawake walipimwa katika vituo vya afya vya serikali. Kipimo kilikuwa kile kile kwa wote: mama hupewa brashi ndogo, huingia faraghani, na hujichukulia sampuli mwenyewe, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Majibu waliletewa kwa namna waliyoichagua, wengine kwa simu, wengine kwa kutembelewa nyumbani.

Wanawake karibu 5,000 walipimwa. Kule kwenye kampeni, wanawake 60 katika kila 100 waliotazamiwa walijitokeza. Katika vituo vya afya walikuwa 37. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba wanawake wetu wa mashambani hawataki kupimwa ilikanushwa. Huduma ikiwafikia karibu, tena kwa staha, huja.

Lakini lipo jibu la pili, nalo ndilo lililonifanya niombe nafasi leo. Waliokutwa na virusi walielekezwa kwenda kutibiwa. Katika jumuiya za kampeni, walioipata tiba walikuwa kadiri ya 39 katika 100. Katika zile za vituo vya afya walikuwa kadiri ya 32. Maana yake, pande zote mbili, zaidi ya nusu ya wanawake walioambiwa kwamba wamo hatarini hawakufika kwenye tiba. Walipimwa, wakajua, wakaishia njiani.

Wazee wangu, njia hiyo naijua. Palikuwa na mwanamke wa upande wa Nyatike, jamaa yangu wa karibu, ambaye jina lake sitalitaja. Alipewa majibu yake kwenye karatasi pamoja na siku ya kwenda hospitalini. Hakuwa na maumivu yoyote. Mumewe alikuwa ziwani, naye hakuthubutu kuondoka bila ruhusa. Nauli ilikuwa haba, na siku ile ilikuwa ya soko, naye aliuza omena. Akaikunja karatasi akaiweka ndani ya bati la unga, akisema atakwenda mwezi ujao. Nilipopata habari zake alikuwa ameanza kutokwa na damu isiyo ya mwezi, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kupita mahali pa tiba ndogo. Tulimzika. Mchango wa sanduku ulitoka katika chama hiki, nami ni miongoni mwa waliochanga. Nauli ya kwenda na kurudi hospitalini haikufika hata bei ya vishikio vya sanduku lile.

Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba hakushindwa na sayansi. Alishindwa na nauli, na ruhusa, na siku ya soko. Hayo matatu hayawezi kutatuliwa na daktari wa Marekani wala wa Kisumu. Yaweza kutatuliwa na sisi.

Najua wako wazee watakaouliza: je, watafiti hawa hawaji kuwatumia watu wetu tu? Swali hilo ni la haki, wala halistahili kuchekwa. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, mwanamke mwenye asili ya Afrika aitwaye Henrietta Lacks alikufa kwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Chembe za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, zikakuzwa, zikatumiwa katika maabara za dunia nzima, na jamaa zake hawakujua mpaka baada ya miaka 20 na zaidi. Kwa sababu ya mambo kama hayo, leo utafiti wa afya katika nchi yetu hauna ruhusa kuanza kabla ya kupitiwa na kamati ya maadili, na mtu hashiriki mpaka aelezwe na akubali mwenyewe, naye ana haki ya kujitoa wakati wowote. Basi tuwafundishe binti zetu kuuliza: sampuli yangu yaenda wapi, na majibu nitaletewa lini? Mwenye kuuliza hadanganyiki upesi. Bali tusiifanye hofu yetu kuwa sababu ya kukataa faida, hasa pale faida hiyo imekwisha kuonekana kwetu.

Na faida nyingine ni hii ya chanjo. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mwaka 2019. Watafiti wa nchi yetu wenyewe, akiwamo Daktari Nelly Mugo wa KEMRI, walifanya uchunguzi uitwao KEN SHE huko Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hata 20. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu iliwakinga na aina zile mbili, ya 16 na ya 18, kwa kadiri ya 97 katika 100 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yaweza kutosha kwa wasichana na wanawake vijana. Ushahidi uliotoka kwa mabinti wa Kenya umewafaa mabinti wa dunia. Haifai basi binti wa Ndhiwa au wa Kuria aikose chanjo hiyo kwa uvumi wa kwamba huleta utasa. Chanjo hii haiondoi uzazi. Kinachouondoa ni saratani.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa maombi matatu, ambayo naomba mkutano uyazungumze.

Kwanza, pawe na fungu dogo katika hesabu zetu, liitwe Nauli ya Tiba, kwa ajili ya mke, dada au mama wa mwanachama aliyepimwa na kutakiwa kwenda kutibiwa. Asiulizwe mengi. Aonyeshe karatasi yake kwa mama mmoja mwaminifu atakayechaguliwa na akina mama wenyewe, na siri yake itunzwe.

Pili, kila mzee arudipo nyumbani likizoni atamke neno hili mbele ya watu wa mji wake: mwanamke wa nyumba hii akiitwa hospitalini, ruhusa amekwisha kuipata. Aliye na miaka 30 na zaidi akapimwe hata kama hana dalili. Aliye na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25, na arudie mara kwa mara kama atakavyoelekezwa.

Tatu, tuulizane juu ya chanjo ya binti zetu kama tuulizanavyo juu ya karo ya shule.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 wawe wamepimwa, na wagonjwa 90 katika kila 100 wapate tiba. Hesabu hizo ni kubwa, nasi ni chama kidogo. Lakini watafiti wametuonyesha mahali hasa ambapo mama zetu huangukia, nalo ni pale pale ambapo chama kama chetu kina nguvu: nauli, neno la mzee, na mkono wa mwenzako wa kukusindikiza. Tumejifunza vema kuwasindikiza watu wetu makaburini. Mwaka huu tuanze kuwasindikiza pia hospitalini, wangali wazima na wanatembea kwa miguu yao.