Mtoto Akinyamaza Njiani: Safari ya Miguu Kutoka Mombasa Hadi Rabai

Kama kuna jirani aliye karibu nawe, mwite asikilize pia. Leo tutazungumza juu ya kumchukua mtoto katika safari ndefu ya miguu: ujitayarishe vipi, uchukue nini, na ni dalili gani zikuambie usimame.

Mazungumzo haya yalianzia Biashara Street, hapa kisiwani Mombasa. Anayeijua Biashara Street anajua kwamba hapo ndipo tunapokwenda kununua leso. Unachagua doti yako, unasoma jina lake, kisha unampa fundi wa cherehani pale kibarazani akukatie na kukupindia. Siku hiyo tulikuwa wanawake watano tukingojea leso zetu. Mmoja wetu, mzaliwa wa Rabai, akasema, "Shoga zangu, nyanya zetu walikuwa wakija Mombasa kwa miguu na mizigo kichwani. Sisi hata kwenda Makupa twataka matatu!" Tulicheka, lakini neno lilituingia. Tukapatana kwamba likizo ya Agosti tutatembea kutoka hapo hapo Biashara Street mpaka Rabai, kila mmoja na mtoto wake au mjukuu wake.

Rabai ni mji mdogo juu ya vilima, kaskazini-magharibi ya Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 20. Unatoka kisiwani kwa Makupa, unapita Changamwe na Miritini, unafika Mazeras. Hapo unaiacha barabara kuu ya Nairobi na kukata mkono wa kulia, ukapanda kuelekea Rabai penye minazi, mashamba na hewa ya vilimani. Mtu mzima mwenye nguvu hutembea kiasi cha kilomita 4 kwa saa. Mtoto hutembea pungufu ya hapo, tena husimama kutazama mbuzi na kuokota mawe. Kwa hiyo, ukiwa na watoto, hiyo ni safari ya siku nzima.

Rabai inajulikana sana katika historia. Mnamo Agosti 1846, wamishonari wawili, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walihamia huko kutoka Mombasa. Wote wawili walikuwa wameugua homa na hawakuwa na nguvu. Walikuwa na punda mmoja tu wa kupanda kwa zamu. Miaka miwili kabla, Julai 1844, Krapf alikuwa amemzika mkewe, Rosine, aliyekufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua. Mtoto wao mchanga pia alikufa. Kanisa la zamani la Rabai siku hizi ni jumba la makumbusho, nasi tulitaka watoto wakalione.

Basi, tulitoka alfajiri, baada ya sala. Mjukuu wangu alikuwa na umri wa miaka 6. Kutoka Makupa alikuwa akihesabu malori kwa sauti, na kuuliza maswali yasiyokwisha. Nilipompa maji alikataa, akasema hana kiu. Nami sikumlazimisha. Tulipofika Mazeras jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nikamnunulia soda baridi, akainywa yote, nikaona basi, hiyo yatosha.

Tulianza kupanda kuelekea Rabai. Baada ya muda nikaona tunakwenda vizuri, kimya kimya. Nikajisemea, "Alhamdulillahi, leo ameshika adabu." Shoga yangu aliyekuwa nyuma akaniambia, "Dada, huyu mtoto mbona amenyamaza?"

Nikamtazama. Midomo ilikuwa imekauka. Uso ulikuwa mwekundu na ngozi ya moto. Nilipomuuliza, alisema kichwa chamuuma na ataka kulala. Nikakumbuka kwamba tangu tutoke nyumbani hakuwa amekojoa hata mara moja. Mpenzi msikilizaji, mimi nimewafundisha akina mama mambo haya kwa miaka mingi, na siku hiyo nilikuwa nimeyasahau kwa mjukuu wangu mwenyewe.

Tuliingia chini ya mwembe. Tukamvua fulana, tukalowesha leso kwa maji, tukampangusa mwili na kumpepea. Shoga yangu alikuwa na pakiti ya ORS, tukaichanganya na maji safi, nikamnywesha kidogo kidogo. Alipoanza kuuliza tena maswali, moyo wangu ulitulia. Hatukuendelea kwa miguu. Mimi na yeye tulipanda matatu, nikampeleka akapimwe kwanza, ndipo tukawafuata wenzetu. Rabai tulifika, lakini kwa gari.

Je, tulikosea wapi, na wewe ufanye nini?

Kabla ya kwenda

Kwanza, chagua wakati. Hapa Pwani joto huwa kali zaidi Februari na Machi. Miezi ya Julai na Agosti ina afadhali. Toka alfajiri, na saa nne asubuhi zikifika uwe unatafuta kivuli. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa mtoto asitembee juani. Hilo ndilo kosa letu la kwanza: tulipanda kilima jua likiwa utosini.

Pili, pima nguvu za mdogo kuliko wote. Kama mtoto hajazoea kutembea, anza kwa njia fupi wiki kadhaa kabla. Si lazima kutembea njia yote. Kutoka Makupa mpaka Mazeras ni barabara ya malori. Unaweza kupanda matatu mpaka Mazeras, kisha mkatembea sehemu ya mashambani tu, asubuhi na mapema. Safari haipungui heshima kwa hilo.

Tatu, usimchukue mtoto mwenye homa, anayeharisha au anayetapika. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, akipungukiwa na maji anaweza kushikwa na maumivu makali. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kwanza. Mama mjamzito asiende safari ya namna hii bila kuuliza kliniki. Tena, mama mjamzito, usiache kuhudhuria kliniki. Huku Pwani hutolewa dawa ya kukinga malaria wakati wa ujauzito, pamoja na chandarua chenye dawa.

Nne, tayarisha mzigo. Chukua maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na ujue mahali mtakapoongeza mengine. Chukua pakiti mbili tatu za ORS, ndizi, viazi vilivyochemshwa na chumvi kidogo, kofia, na viatu vya raba vilivyozoea mguu, pamoja na soksi. Ndara si za safari ndefu, na viatu vipya huleta malengelenge. Usisahau simu yenye chaji na nauli ya kurudi.

Usisahau leso zako pia. Doti ina vipande viwili. Kimoja ni cha mbeleko, na cha pili ni cha kivuli wakati wa kupumzika na cha kulowesha mtoto akipata joto.

Njiani

Mtoto hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na akiwa katika mchezo huisahau kiu. Kwa hiyo usingoje aombe maji. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya dakika 20 hivi, hata akisema hana kiu. Wewe pia kunywa naye, maana mtoto huiga. Asinywe maji mengi kwa mkupuo mmoja, na kila baada ya muda ale kitu. Soda isichukue mahali pa maji. Dafu ni kinywaji kizuri kwa mtoto mwenye afya, lakini akiharisha mpe ORS.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji. Maji yake yamo katika ziwa la mama. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe unywe zaidi. Ukimbeba mgongoni, kumbuka kwamba joto la mwili wako linamwingia. Usimfunike kichwa na uso kwa leso, kwa sababu chini ya kitambaa joto huongezeka na pumzi hubanwa. Kila nusu saa mshushe kivulini, umguse kifua na shingo, umtazame usoni.

Kwenye barabara tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja. Mtoto awe upande wa mbali na magari, mkono wake ndani ya mkono wako.

Dalili za kukusimamisha

Mama, shika neno hili: mtoto anayelalamika bado ana nguvu za kulalamika. Anayenyamaza ghafla ndiye wa kutazamwa. Tazama pia kama mdomo umekauka, kama analia bila machozi, kama macho yamebonyea, kama hajakojoa kwa saa nyingi au mkojo ni wa rangi nzito. Kwa mtoto mchanga, gusa utosi. Ukibonyea, maji yamempungua.

Ukiona dalili hizo, simameni wote. Mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mlowesha mwili kwa leso yenye maji na umpepee. Mpe ORS kidogo kidogo. Soma pakiti kwanza, kwa sababu nyingine huchanganywa na nusu lita ya maji na nyingine na lita moja. Kama huna pakiti, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kulundika. Usizidishe chumvi.

Lakini mtoto akiwa na mwili wa moto sana, akachanganyikiwa, akashikwa na degedege au akazimia, hiyo ni hatari ya kifo. Usimpe kitu chochote kinywani. Endelea kumlowesha na kumpepea huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Usingoje apate nafuu kwanza.

Baada ya kufika

Osha miguu ya mtoto na uitazame kidole kwa kidole. Lengelenge usilitoboe. Lisafishe na ulifunike. Hakikisha amekojoa kabla ya kulala, na alale ndani ya chandarua. Akipata homa siku au wiki zinazofuata, usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke akapimwe malaria.

Mpenzi msikilizaji, wale wageni wa 1846 walikuwa wagonjwa, nao walipanda punda. Hakuna aliyesema hawakufika. Nasi Agosti iliyofuata tulikwenda tena. Tulipanda matatu mpaka Mazeras, tukaanza kutembea kabla jua halijapanda, tukasimama kila dakika 20. Mjukuu wangu alibeba chupa yake mwenyewe. Alisema maneno tangu Mazeras mpaka mlango wa makumbusho bila kupumzika, nami sikumnyamazisha hata mara moja.

Mambo ya kukumbuka

1. Toka alfajiri, na usitembee juani saa za mchana.
2. Mpe mtoto maji kabla hajaona kiu. Wa chini ya miezi 6 apewe ziwa tu.
3. Mtoto mgonjwa hatembei safari ndefu.
4. Usimfunike mtoto uso mgongoni.
5. Mtoto akinyamaza ghafla, simama umtazame.
6. Weka nauli ya kurudi. Kukatiza safari si aibu.

Kabla hatujaagana, mwulize jirani yako swali moja: Je, mtoto wako mara ya mwisho alikojoa saa ngapi? Kama hajui, mweleze tuliyozungumza leo.

Mpaka juma lijalo, nawatakia afya njema. Kwaherini.