Mahindi Chotara: Kwa Nini Watoto Hawafanani na Mama?

(Mazungumzo ya Bwana Shamba na wanakisomo wa kijiji)



Leo nimekuja kujibu swali moja. Swali hili huulizwa karibu kila kijiji. Mkulima ananunua mbegu ya mahindi chotara dukani. Anapanda, anapalilia, anavuna vizuri. Mwaka wa pili anasema: "Kwa nini nitoe fedha tena? Mbegu si hii hapa ghalani?" Anachagua mahindi makubwa, anapukuchua, anapanda. Lo! Mavuno si yale. Mimea mingine mirefu, mingine mifupi. Hindi moja kubwa, jingine dogo kama kidole.

Hapo maneno huanza. Mmoja anasema mwenye duka ameitia mbegu dawa ili isizae tena. Mwingine anasema shamba limetupiwa jicho. Jamani, si dawa wala si jicho. Jibu limo ndani ya punje yenyewe.

MBEGU HUTENGENEZWAJE?

Mmea wa mahindi una maua ya namna mbili. Ua dume liko juu kabisa. Ndiyo mbelewele. Ua jike liko ubavuni mwa bua. Ndilo hindi changa lenye ndevu. Kila udevu mmoja umeungana na punje changa moja.

Upepo hupeperusha vumbi la mbelewele. Vumbi hilo huitwa chavua. Chembe moja ya chavua ikitua juu ya udevu, huotesha mrija mwembamba sana. Mrija hushuka ndani ya udevu mpaka kwenye punje changa. Udevu usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Ndiyo maana ukame ukipiga wakati wa kutoa ndevu, mnavuna mahindi yenye mapengo.

Ndani ya mrija huo hupita chembe mbili za kiume. Mbili, si moja. Ya kwanza huungana na yai la mama. Hapo hupatikana kiini, yaani mtoto atakayeota. Ya pili huungana na chembe nyingine ya mama. Hapo hupatikana chakula cha mtoto huyo. Chakula hicho ndicho tunachosaga tukapika ugali. Basi kila tukila ugali, tunakula akiba ambayo mama aliweka kwa ajili ya mwanawe. Mtaalamu Sergei Nawaschin aliligundua jambo hili la chembe mbili mwaka 1898, huko Kiev, kwa kuchunguza maua kwa darubini ya vitu vidogo.

KWA NINI WATOTO HAWAFANANI?

Kila mmea una maagizo ndani yake. Maagizo hayo huitwa jeni. Jeni husaidia kuamua urefu wa bua, ukubwa wa hindi, na nguvu ya kupambana na ugonjwa. Mtoto hupata nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Lakini kabla ya kutoa nusu hiyo, mzazi huzichanganya jeni zake, kama mtu anavyochanganya karata. Kila mtoto hupewa mkono wake. Si mnaona watoto wa tumbo moja? Huyu mrefu, yule mfupi.

Sasa tuje kwenye chotara. Mwaka 1908 mtaalamu wa Marekani, George Shull, alieleza jambo la ajabu. Mahindi yakizaa yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi, hudhoofika, lakini hufanana sana. Ukichukua koo mbili za namna hiyo ukazioza, mtoto wao huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Huyo ndiye chotara. Hapa Afrika Mashariki, kituo cha utafiti cha Kitale, Kenya, kilitoa chotara wake wa kwanza, H611, mwaka 1964.

Chotara wa dukani wote hufanana, kwa sababu wazazi wao walitoa karata zilezile. Lakini chotara akizaa shambani kwako, yeye sasa ndiye anachanganya karata. Watoto wake wanatawanyika. Wachache hubahatika, wengi hupungukiwa nguvu. Na mbegu ikipungua nguvu, mbolea yako na jasho lako vimepotea pia.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ukipanda chotara, weka fedha ya mbegu mpya kila msimu. Uza kidogo mara baada ya mavuno, uitenge.

Pili, kama huna uwezo huo, panda mbegu isiyo chotara, kama vile Staha, TMV-1 au Situka. Hizo unaweza kurudia misimu mitatu hivi. Chagua mbegu mahindi yakiwa bado shambani. Chagua katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, maana upepo hauna mpaka. Chagua kutoka mimea mingi mizuri, si miwili mitatu.

Tatu, mbegu mpya ya chotara ikikosa kufanana mwaka wa kwanza, hapo una haki ya kuuliza. Huenda umeuziwa mbegu bandia. Kwa hiyo tunza mfuko na stakabadhi.

WATAALAMU WANATAFUTA NINI?

Mama mmoja ameniuliza: "Bwana Shamba, hakuna mbegu isiyochanganya karata?" Swali zuri. Ipo. Panda mbegu ya limau au chungwa. Mara nyingi itatoa miche miwili au mitatu. Baadhi ya miche hiyo haina baba. Imetoka kwenye mwili wa mama peke yake, nayo ni mama mtupu. Majani mengi ya malisho ya Gini nayo huzaa hivyo.

Basi wataalamu wakajiuliza: je, nafaka zinaweza kufundishwa hivyo? Mwaka 2009, huko Ufaransa, walizuia jeni tatu katika mmea mdogo, na mmea ule ukaacha kuchanganya karata. Mwaka 2016 wakafanya hivyo katika mpunga. Lakini yai bado lilingoja baba. Wataalamu wa Davis, California, walikuwa wameona kwamba kuna jeni ya baba, iitwayo BBM1, inayoliamsha yai lianze kuwa kiini. Wakaifanya jeni hiyo iamke katika yai la mama mwenyewe. Mwaka 2018 walitangaza kuwa mpunga wao umetoa mbegu zinazofanana na mama, lakini hazikuwa nyingi. Mwaka 2022 wao na wenzao wa Ufaransa walitangaza kuwa katika mpunga chotara, zaidi ya mbegu 95 katika kila 100 zilifanana na mama.

Msikimbilie dukani kesho! Hiyo ni kazi ya watafiti, na ni ya mpunga. Lakini siku mbegu ya namna hiyo ikifika kijijini, mkulima ataweza kutunza chotara wake ghalani bila kununua tena. Siku hiyo tuulize mambo mawili. Je, mwenye mbegu ataturuhusu kuirudia? Na je, mimea yote ikiwa mmoja, ugonjwa ukiingia hautafagia shamba zima? Asiyejua mbegu inavyozaliwa hataweza kuuliza maswali hayo. Ninyi sasa mnaweza.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni sehemu gani ya punje huota, na ni ipi tunayosaga?
2. Kwa nini mbegu ya mahindi chotara hairudiwi?
3. Katika kijiji chenu, wangapi hupanda chotara na wangapi hutunza mbegu? Kila njia ina gharama gani?