Mji wa Nyanza na Ardhi Iliyoulisha



Mada niliyokabidhiwa inahusu mji mdogo ulio mwendo wa kilomita tisini hivi kusini mwa hapa Kigali, nao ni Nyanza, uliopata kuwa kiti cha enzi cha wafalme wa Rwanda na ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Kusini. Aghalabu mji huu hutajwa kwa sababu ya kasri zake, na wageni wafikapo Rukari huonyeshwa nyumba ya msonge ya mfalme, kisha nyumba ya matofali ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, wakaenda zao wakiamini kwamba wameuona mji. Rai yangu ni kwamba Nyanza haifahamiki ila kwa kuitazama ardhi yake, kwani enzi ilikuja pale kwa kufuata malisho na mashamba, na ilipoondoka, malisho na mashamba ndivyo vilivyobaki kuwa uhai wa mji.

Mji umekaa katika uwanda wa kati wa Rwanda, baina ya nchi mbili zisizofanana. Magharibi liko bonde la mto Mwogo, unaoelekea kaskazini hata ukakutana na Mbirurume na kuzaa Nyabarongo, na ng'ambo ya bonde hilo nchi hupanda kwenye milima inayogawanya maji ya Kongo na ya Nili, penye baridi na mvua nyingi. Mashariki ardhi hushuka taratibu hadi Mayaga na vinamasi vya Akanyaru, ambako joto huzidi, mvua hupungua, na muhogo na mtama hustawi. Mwenye kusimama juu ya kilima chochote cha Nyanza huona mpango ule ule: karibu na nyumba ni migomba, mteremkoni ni maharage, viazi vitamu na mtama, na chini kabisa ni kinamasi, ambacho zamani kilikuwa malisho ya wakati wa kiangazi, majani ya vilimani yakiisha kukauka, na ambacho siku hizi sehemu zake nyingi zimechimbwa mifereji na kulimwa. Nasisitiza habari ya kinamasi kwa kuwa ndiyo akiba ya nchi ile, na ugomvi mwingi wa ardhi katika taarikh yake ulihusu nani mwenye haki ya kushuka huko.

Kabla ya mwisho wa karne ya 19 wafalme walikuwa wakihamahama. Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alikuwa na maskani nyingi huku na huku. Mwanawe, Yuhi wa Tano Musinga, ndiye aliyetulia Nyanza yapata mwaka 1899, na huko ndiko Askofu Hirth na wamisionari wenzake walikofika mwezi wa Februari mwaka 1900, kabla ya kupewa kilima cha Save. Wafanyabiashara Waswahili nao walifika, na Musinga mwenyewe alijifunza Kiswahili apate kusemezana na Wajerumani, jambo ambalo sisi tunaotumia lugha hii hatuna budi kulikumbuka.

Makao ya mfalme yaliyojengwa upya pale Rukari yanaonyesha wazi dola ile ilisimama juu ya nini. Nyuma ya nyumba kubwa zipo nyumba mbili ndogo, moja ya pombe na moja ya maziwa, na hii ya maziwa, kwa mapokeo ya wenyeji, ilitunzwa na msichana asiyeolewa, aliyevisafisha na kuvipanga vyansi, vile vyombo vya mti vya kukamulia. Kadhalika ibada kuu ya mwaka, Umuganura, ilikuwa ya malimbuko ya mtama na ulezi. Na Wabelgiji, waliotawala baada ya Wajerumani, walipotaka kuivunja nguvu enzi, mwaka 1925 waliipiga marufuku sherehe hiyo wakamhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa siri zake. Musinga mwenyewe walimuuzulu mwaka 1931.

Chini ya Rudahigwa mji ulipata kiwanda cha maziwa, na ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, cha Nyanza kikapata sifa kote nchini. Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa la mwaka 1954, alipofuta ubuhake, yaani mkataba wa mtu kumtumikia bwana ili apewe ng'ombe. Ng'ombe waligawanywa, ila malisho hayakugawanywa. Mtu akawa na mnyama wake asiwe na pa kumlishia pasipo hisani ya bwana yule yule. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye fundo la taarikh ya vijiji vya kusini, wala halikufunguliwa hata Rudahigwa alipofariki mwaka 1959, akazikwa Mwima, na ufalme ukaondolewa mwaka 1961.

Jamhuri iliuita mji Nyabisindu. Ulipewa mradi wa kilimo kwa msaada wa Wajerumani, ambao wataalamu wake walihimiza kupanda miti ya grivelia na majani ya malisho kwenye kingo za matuta, ili udongo usichukuliwe na maji na ng'ombe wa zizini wapate chakula na kutoa samadi. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa na mifugo yao ikachinjwa. Na mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kwa kuzipa ng'ombe familia maskini, hauwezi kueleweka Nyanza bila ya kukumbuka hasara hiyo na lile fundo la 1954.

Makumbusho yanatunza ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu, na yanafanya vyema. Kumbukumbu za wakulima, hata hivyo, hazijaandikwa ipasavyo. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi akichunga ng'ombe mwaka 1954 leo amepita umri wa miaka themanini. Basi nawaomba walimu mlio hapa muwatume wanafunzi wenu Nyanza na Mayaga wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia, waandike majina ya vinamasi na malisho, na nani alilisha wapi na kwa ruhusa ya nani, wakati wazee hawa wangali hai.